Dawa tunazopiga mashambani haziwamalizi konokono wa kichocho, zinawamaliza wanaowala

#1 Mkulima wa Majaruba

Wakuu, salaam.

Naomba mnisome hadi mwisho, hasa ninyi mnaolima karibu na lambo, mto au mfereji. Jambo hili limenikaa rohoni mwezi wa pili sasa.

Mimi nalima mpunga na nyanya wilaya ya Kwimba. Chini ya bustani yangu kuna lambo la kijiji. Ng'ombe wanakunywa pale, kina mama wanafua, watoto wakitoka shule wanaingia kuogelea. Mwaka juzi kijana wangu wa miaka tisa akaanza kukojoa, halafu matone ya mwisho yanatoka mekundu. Sisi utotoni tuliambiana hiyo ni dalili ya kukua, na wapo wazee hapa wanaoamini hivyo hadi leo. Nilimpeleka zahanati, wakaona mayai ya kichocho kwenye mkojo, wakampima urefu kwa ule ufito wa alama, wakampa vidonge vya prazikuanteli, akapona. Mwaka huu damu imerudi.

Nikajiuliza: dawa ya mtoto ilifanya kazi, basi ugonjwa unatoka wapi tena? Jibu liko majini. Mnyoo wa kichocho hauwezi kumaliza maisha yake bila konokono wa maji baridi. Mgonjwa akikojoa majini, mayai yanaanguliwa, kinatoka kijidudu kinachomtafuta konokono na kumwingia. Humo ndani kinazaana wiki kadhaa, kisha konokono anaanza kumwaga vijidudu vyenye mikia, mamia na pengine maelfu kwa siku, na hivyo ndivyo vinavyopenya ngozi ya mtu aliyesimama majini. Huku kwetu bara, kwenye malambo na majaruba, kinachotusumbua zaidi ni kichocho cha mkojo, kinachobebwa na konokono wa jamii ya Bulinus. Kule ufukweni mwa Ziwa Victoria ni kichocho cha tumbo, na mbebaji wake ni Biomphalaria, yule bapa kama kifungo cha koti.

Basi nikafunga chekecheo la unga lililochakaa kwenye mpini wa jembe, nikavaa mabuti ya mpira hadi magotini, nikashuka lamboni alfajiri. Alfajiri kwa sababu vijidudu vile hutoka kwa wingi jua likishapanda, hasa kuelekea saa sita mchana, saa zile zile watoto wetu wanazoogelea.

Nilianzia upande wa juu, ambako hakuna shamba, ni kichaka na majani tu. Nikachota mara moja nikamwaga kwenye beseni jeupe. Palikuwa na vurugu ya viumbe: watoto wa kereng'ende wanatambaa, ruba wawili, visamaki, na kunguni wa maji dume aliyebeba mayai mgongoni, yamepangwa kama punje za mahindi kwenye gunzi. Konokono walikuwemo, wachache.

Nikahamia upande wa bustani yangu, pale ninapooshea bomba la kupigia dawa. Maji ya pale ni maangavu, unaona hadi chini, na mawe yamevaa utando wa kijani unaoteleza. Nikachota mara tano. Mtoto wa kereng'ende hata mmoja hakuna. Kunguni hakuna. Ruba hakuna. Konokono wamejaa. Nikageuza jani moja la yungiyungi, chini yake nikakuta mafungu ya mayai yao, ute mwangavu wenye vidoti ndani, yamebandikwa jani zima.

Wakuu, nilikaa ukingoni pale nikiangalia bomba langu la mgongoni na lile beseni. Mimi ndiye ninayepiga dawa. Kila wiki msimu wa nyanya.

Baada ya hapo nikaanza kusoma na kuulizia. Mwaka 2020 watafiti walitoa matokeo ya kazi waliyoifanya magharibi mwa Kenya, upande wa pili wa ziwa hili hili letu. Walipima maji na kuchota viumbe katika sehemu 48. Walichokuta ni kwamba konokono wanaobeba kichocho wanazihimili dawa za mashambani kuliko wadudu wanaowala na viumbe wanaogombea nao chakula. Penye dawa nyingi majini, konokono wale wanabaki na uwanja wao peke yao. Na lililonitia hofu zaidi: hilo linatokea hata kwa viwango vidogo ambavyo vipimo vya kawaida vya usalama vinavihesabu kuwa havina shida.

Miaka miwili kabla yake, 2018, Marekani walitoa matokeo ya matangi mengi ya maji waliyoyapanga nje, kila tangi likiwa na konokono, mwani na viumbe wanaowala. Kwenye matangi yaliyotiwa klorpirifosi, dawa ya wadudu ambayo wengi tumeipiga, kamba wa maji baridi na kunguni wakubwa wa maji walikufa na konokono wakaongezeka. Kwenye yaliyotiwa atrazini, ile ya magugu ya mahindi, ulikufa mwani unaoelea, mwanga ukafika chini, ukaota ule utando wa kijani, na utando huo ndio ugali wa konokono. Mbolea nayo ikaongeza utando. Niliposoma hapo nikakumbuka yale mawe yanayoteleza.

Kwa hiyo hoja yangu ni hii: tunajilisha wenyewe kichocho kwa bomba la mgongoni, na tunapomtibu mtoto bila kugusa jambo hili tunateka maji kwa pakacha. Naomba wataalamu na wakulima wenzangu mchangie.


#2 Nyanya za Mabondeni

Mkuu, pole kwa kijana. Ila hapo kwenye konokono kutokufa sikubaliani nawe. Mwaka jana nilipiga dawa asubuhi, mchana ikanyesha mvua kubwa, kesho yake nikakuta magamba yanaelea mtoni mengi tu. Nimeona kwa macho yangu, sijasimuliwa.


#3 Mkulima wa Majaruba

Sikatai ulichoona. Sikusema dawa haimgusi konokono kabisa. Maabara zimeonyesha mara nyingi kwamba dawa za wadudu na za magugu zinaweza kumpunguzia konokono mayai na kumdumaza, na zikizidi zinamuua. Shaba ndiyo inamuua vibaya zaidi: mrututu, ile chumvi ya shaba, ulitumika zamani kuua konokono wa kichocho, kwa hiyo mwenye kahawa au nyanya anayepiga dawa ya ukungu yenye shaba karibu na mto anaua konokono kweli.

Shida ni kinachofuata. Konokono hawa kila mmoja ni dume na jike kwa pamoja, akibaki mmoja peke yake anaweza kujitungisha mwenyewe na kutaga. Mwezi mmoja hadi miwili tangu kuanguliwa, naye tayari anataga. Mtoto wa kereng'ende yuko majini miezi, wengine zaidi, ndipo atoke kuruka na kuzaa. Sasa ukiua wote leo, nani atarudi kwanza?

Tena anavuta hewa. Bulinus na Biomphalaria wana pafu, maji yakichafuka wanapanda juu. Wapo Bulinus wa huku kwetu ambao lambo likikauka wanajizika kwenye tope hadi mvua irudi. Wale konokono wengine wenye kifuniko mdomoni wanaopumua kwa matamvua, ambao hawana habari na kichocho, hao hawana pa kukimbilia.

Na magamba yale uliyatazama mdomo? Chukua gamba, ncha itazame juu, mdomo ukutazame wewe. Mdomo ukiwa kushoto kwako, yaelekea ni Bulinus. Ukiwa kulia, ni konokono mwingine, huenda yule anayewapa ng'ombe na mbuzi minyoo bapa ya ini. Ukimkuta yule bapa ni Biomphalaria, ambaye akipondeka anatoa damu nyekundu kabisa kama ya kwetu. Usimponde kwa vidole.


#4 Maabara Kijijini

Niko kwenye darubini kila siku, kituo cha afya huku huku Kanda ya Ziwa, naomba niongeze machache.

Kwanza, Mkulima, kurudi kwa damu si lazima iwe dawa ilishindwa. Prazikuanteli inaua minyoo iliyokomaa, michanga inapona. Mtoto akiwa ameingia majini wiki mbili tatu kabla ya kumeza vidonge, ile michanga inakua na kuanza kutaga. Na dawa haimkingi na maambukizi mapya, akirudi lamboni kesho anaanza upya. Ndiyo maana unaona shule ile ile inapewa vidonge mwaka hadi mwaka, na watoto wale wale wanarudi kwangu na vikopo vya mkojo mwekundu.

Pili, hii si habari ya watoto tu. Mayai ya kichocho cha mkojo yanajikita hadi kwenye mlango wa kizazi wa mwanamke. Kina mama wanakuja na maumivu na kutoka damu, wanatibiwa magonjwa ya zinaa miaka na miaka, nyumba zinavunjika kwa kutuhumiana, kumbe ni maji ya kupandikizia mpunga. Hili linaniumiza kuliko yote. Nani anasimama kwenye jaruba maji magotini kutwa nzima kama si mama zetu?

Shirika la Afya Duniani linahesabu watu zaidi ya milioni 250 wanaohitaji dawa za kichocho, na angalau tisa katika kila kumi wako Afrika. Nchi yetu inatajwa ya pili barani kwa wagonjwa, baada ya Nigeria. Mimi naletewa mkojo. Wa kuniletea habari za lambo sikuwahi kumpata hadi leo.


#5 Ng'ombe Arobaini

Wakuu, mbona mnazunguka. Kama konokono ndiye mbebaji, si tukusanye dawa ya kupe na ile kali ya wadudu tumwage lambo zima siku moja, tumalize?


#6 Maabara Kijijini

Ndugu yangu, nakuomba sana usifanye hivyo wala usimshauri mtu. Utaua samaki, vyura na wadudu wote, na ng'ombe wako arobaini watakunywa pale pale. Konokono watakaobaki kwenye tope na chini ya mizizi watarudi wakiwa peke yao, na lambo litakuwa baya kuliko leo.

Dawa mahususi ya konokono ipo, inaitwa niklosamide, ndiyo Shirika la Afya Duniani linaikubali. Unguja na Pemba waliitumia sehemu baadhi katika mpango wao wa kutokomeza kichocho cha mkojo. Hiyo nayo inaua samaki na vyura, kwa hiyo inawekwa na watu waliofunzwa, kwa kipimo, mahali palipochaguliwa. Si ya kumimina na ndoo.


#7 Shina la Mpunga

Hamjambo nyote. Mimi niko Mwea, Kenya, nimesoma uzi huu nikaona niwaambie ya kwetu.

Huku kichocho cha tumbo tumekijua tangu wazazi wetu walipoanza kulima kwa mifereji ya skimu. Halafu mwaka wa 2020 akagunduliwa konokono mwingine mgeni, mkubwa kama tunda, asili yake Amerika Kusini. Anataga mayai ya rangi ya waridi juu ya mabua na kuta za mifereji, unayaona kutoka barabarani. Huyu haleti kichocho, anakula mpunga mchanga. Unapandikiza leo, baada ya siku chache unakuta mashimo ya maji matupu mahali palipokuwa na miche.

Mkulima akiona hivyo anakimbilia duka la dawa. Watu wamemwaga kila kitu, hata dawa ambazo kibandiko chake hakitaji konokono kabisa. Yule mgeni ana kifuniko, akihisi sumu anajifungia ndani anangoja. Kinachosaidia kwa uhakika ni kuokota kwa mkono asubuhi na jioni, kuponda yale mayai, kuweka wavu mahali maji yanapoingilia shambani, na kupunguza kina cha maji miche ikiwa michanga. Ni kazi ya mgongo, sikatai. Lakini baada ya kusoma hapa najiuliza ile sumu yote iliyoshuka na mfereji iliwafanya nini wale wadogo wanaobeba kichocho, na waliokuwa wakiwala.

Jambo moja zaidi. Kule Bunyala, karibu na ziwa, kuna ndege aina ya korongo ambao mdomo wao haufumbi katikati, umeumbwa kwa ajili ya konokono. Wawindaji walikuwa wakitia sumu ya shambani ndani ya konokono na kuwatega nao ndege hao, kisha nyama inauzwa kwa watu. Furadan ndiyo ilitajwa sana, hadi mtengenezaji akaiondoa sokoni Kenya mwaka 2009. Ndege anayetufanyia kazi bure tukamuua kwa konokono mwenyewe.


#8 Nyanya za Mabondeni

Mkulima, nimetazama magamba kama ulivyosema. Yale ya mwaka jana yameshapotea, lakini niliokota kumi na manane jana mtoni, yote hai, na yote mdomo uko kushoto. Nimenyamaza kidogo.

Sasa niambie ukweli, mimi nina kantangaze, yule nondo ambaye viwavi wake wanatoboa nyanya. Nikiacha kupiga wiki moja nyanya zote zinatobolewa. Nina ada za shule. Nifanyeje?


#9 Mkulima wa Majaruba

Mkuu, swali lako ndilo langu pia, na sitakuambia uache dawa wakati mimi sijaacha. Nakueleza ninachofanya tangu ile alfajiri.

La kwanza, bomba haliendi tena lamboni. Nachota maji kwa ndoo, nachanganyia juu shambani, na maji ya kuoshea bomba nayapiga kwenye mimea ile ile niliyomaliza kuipulizia. Hili halikunigharimu hata shilingi, na naamini ndilo kubwa kuliko yote, kwa sababu pale pa kuoshea ndipo dawa inapoingia majini moja kwa moja. Ukitembea ukingo wa lambo lolote utakuta chupa tupu, vifuko na kiraka kisicho na nyasi. Ni hapo hapo watoto wanaporukia.

La pili, nimerudi nyuma. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inataka shughuli za kudumu zikae mita 60 kutoka ukingo wa maji. Mistari yangu ya chini ilikuwa hatua kama kumi na mbili. Sijafika 60 bado, nimeondoa mistari minane na kuacha matete na nyasi ziote zichuje maji ya mvua. Imeniuma, ile mistari ndiyo iliyokuwa na unyevu.

Kuhusu kantangaze, nimeweka mitego ya maji yenye kile kidonge cha harufu ya jike. Nondo dume wanaingia, nahesabu, nikiona wameongezeka ndipo napiga. Msimu huu nimepiga mara tano hadi sasa. Msimu uliopita muda kama huu nilikuwa nimepiga kumi na moja. Na sinunui tena dawa ya kupimiwa kwenye chupa ya maji isiyo na kibandiko. Niliuziwa hivyo miaka mitatu kwenye duka moja, hadi leo sijui nilikuwa napiga nini. Wala wingu likitanda sipigi.

Kuhusu wanaomla konokono, kamongo ni mlaji mkubwa wao, na sisi tunawavua wote. Bata wanawala pia, nimenunua wanne. Senegal walirudisha kamba wa mtoni mahali ambapo bwawa la Diama, lililokamilika 1986, liliwazuia kamba hao kupanda kuzaliana, na konokono wenye vimelea pamoja na maambukizi kwa watu vikapungua. Kenya pia walijaribu kamba wa kigeni miaka ya 1990. Lakini kamba anakufa kwa dawa za wadudu upesi kuliko konokono, kwa hiyo hata hao ukiwaleta lamboni kwangu mwaka juzi ningekuwa nimewaua.


#10 Maabara Kijijini

Mkulima, umlete kijana, umezeshe tena kisha baada ya wiki nne hadi sita aje na mkojo wa mchana, kati ya saa nne na saa nane. Mayai hutoka kwa wingi saa hizo. Wengi wanakuja na mkojo wa asubuhi, tunakosa mayai, wanarudi nyumbani wakidhani wako salama.


#11 Mkulima wa Majaruba

Wakuu, nimerudi baada ya wiki kumi kama nilivyoahidi baadhi yenu faraghani.

Kijana alimeza, alipimwa wiki iliyopita saa sita mchana, mayai hayakuonekana. Dada wa Maabara, asante kwa moyo wote. Tumechimba kisima kifupi cha pampu ya mkono na majirani watatu, watoto wanaogea pale.

Lamboni nimeshuka leo alfajiri na chekecheo lile lile. Upande wa bustani konokono bado ni wengi, ute wao bado uko chini ya majani. Nilichota mara tano kama mwanzo. Mara ya nne nikamwaga beseni nikaona kitu cha kahawia kinajivuta pembeni, nikadhani ni jani. Ni kunguni wa maji, dume, mgongo umejaa mayai. Nimemrudisha majini taratibu, pale pale nilipokuwa naoshea bomba.

Naomba kila aliye karibu na lambo achote na aandike hapa alichokuta, na juu ya lambo kunalimwa nini.


#12 Ng'ombe Arobaini

Nimechota leo kwetu Misungwi kwa chandarua kilichochanika. Konokono ishirini na sita, mdomo kushoto wote. Kereng'ende hakuna, kunguni hakuna, ruba mmoja. Juu ya lambo kuna pamba, na ukingoni pale ng'ombe wangu wanapokunywa nimeokota chupa tisa za dawa. Nimezifukia mbali. Kesho naenda kuongea na mwenye shamba.